Kifo cha risasi: eneo, mwili, picha, mavazi, mikono au silaha? Uchunguzi upi unajibu swali lako

Mtu akifa kwa risasi, maswali ni mawili na mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kilichomuua: risasi iliingilia wapi, ikapita wapi, ikakata nini. La pili ni namna alivyokufa: aliuawa na mtu mwingine, alijiua, ilikuwa ajali, au haikubainika. La kwanza daktari anaweza kulijibu akiwa mochwari. La pili halimo ndani ya jeraha peke yake, na daktari anayelijibu kwa kutazama tundu tu anabahatisha, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Ndiyo maana familia inayosema "tunataka uchunguzi wa maiti" mara nyingi imedai kitu kimoja kati ya sita, na pengine si kile ilichokihitaji zaidi. Kinachofuata ni ulinganisho wa njia hizo sita kwa yeyote aliyekwama: ndugu wa marehemu, wakili kijana, daktari wa hospitali ya wilaya ambaye si mtaalamu wa patholojia, mpelelezi wa kituo kidogo.

Kwanza, ni nani anayetoa uamuzi? Marekani, mchunguzi wa vifo wa eneo huandika namna ya kifo kwenye cheti chenyewe. Kwetu sivyo. Kenya na Tanzania daktari huandika sababu ya kifo, na pale namna ya kifo inapobishaniwa, shauri huenda kwa hakimu: Kenya kwa vifungu vya 385 hadi 388 vya sheria ya mwenendo wa kesi za jinai (Sura ya 75), Tanzania kwa sheria ya uchunguzi wa vifo (Sura ya 24). Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Kwa hiyo kila njia hapa chini ni ushahidi unaopelekwa mbele ya mtu mwingine atakayeupima. Tena, daktari anaposema "aliuawa na mtu mwingine" hajasema kwamba mtu huyo ana hatia ya mauaji. Kujihami, uzembe na kukusudia ni mambo ya mahakama.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia itapimwa kwa mambo matano yale yale: inajibu swali gani; ushahidi wake unadumu muda gani; inahitaji nini; inapotosha wapi; na inamfaa nani. Kigezo cha muda ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho kinachopaswa kuamua uanze na lipi. Risasi iliyokwama kwenye uti wa mgongo itakusubiri miaka. Chembe zilizo mikononi hazisubiri hata maiti ifike mochwari.

1. Eneo la tukio

*Inajibu:* nani alikuwa wapi, silaha ilikuwa wapi, milango ilikuwaje, damu ilirukia upande gani, zilipigwa risasi ngapi.

*Muda:* saa chache. Sakafu ikishapigwa deki, basi.

*Inahitaji:* picha za mbali, za kati na za karibu, hizi za mwisho zikiwa na rula. Mchoro wenye vipimo vilivyochukuliwa kutoka vitu viwili visivyohama, kama kona ya ukuta na fremu ya mlango. Hesabu ya maganda. Na msako wa matundu ukutani, kwenye samani na darini. Silaha ipigwe picha kabla ya kuguswa, kisha iandikwe ilivyokutwa: kuna risasi kwenye chemba au ganda tupu, magazini ina ngapi, kufuli ya usalama imefungwa au imefunguliwa. Ikiwa ni bastola ya silinda, tundu lililokuwa mbele ya nyundo litiwe alama kabla silinda haijafunguliwa. Alama hiyo ikikosekana, mpangilio wa risasi na maganda hauwezi kurudishwa.

*Inapotosha:* silaha iliyokutwa mkononi mwa marehemu haithibitishi kwamba alijiua, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiweka. Iliyokutwa mbali na mkono nayo haithibitishi kinyume, maana vidole hulegea na silaha huanguka au kuruka. Maganda nayo huonewa. Bastola nyingi hurusha ganda kuliani na nyuma kidogo, lakini ganda hugonga ukuta, hubiringika, hupigwa teke na waliokuja kusaidia. Halafu kuna jambo la kibinadamu kabisa: ndugu humbeba mtu wao kumkimbiza hospitali. Hilo si kosa. Kosa ni kutoandika nani alihamisha nini, kutoka wapi, saa ngapi.

*Inamfaa:* kila kesi, ila hasa ile ambayo kubishana ni kati ya kujiua na kuuawa ndani ya chumba, maana hapo jeraha huweza kuwa lile lile kwa yote mawili.

2. Mwili

*Inajibu:* risasi ngapi zilimpata, zimeingilia na kutokea wapi, zilielekea wapi mwilini, mtutu ulikuwa umbali gani, na kama angeweza kufanya jambo lolote baada ya kupigwa.

Umbali ndio moyo wa kazi hii. Mtutu uliogusa ngozi huacha masizi ndani ya tundu, ukingo ulioungua, wakati mwingine na muhuri wa mtutu wenyewe. Juu ya fuvu ngozi hupasuka kama nyota kwa sababu gesi hujaa kati ya ngozi na mfupa. Misuli ya ndani inaweza kuwa nyekundu angavu kwa kaboni monoksaidi. Mtutu ukisogea nyuma kidogo, masizi hutanda juu ya ngozi, nayo hufutika kwa maji. Ukisogea zaidi hubaki vitone vidogo vyekundu au vya kahawia, pale chembe za baruti zilipoichubua ngozi, na hivi havioshwi. Zaidi ya hapo ni tundu lenye pete ya mchubuko tu. Kwa bastola nyingi masizi hayaonekani kupita takriban sentimita 30, na vitone hupotea mahali fulani kati ya sentimita 60 na mita moja. Hivyo ni vipimo vya kukisia. Umbali wa kutajwa mahakamani hupatikana kwa kufyatua silaha ile ile, kwa risasi za aina ile ile, kwenye vitambaa vilivyowekwa umbali tofauti.

Watu wengi hawajui kwamba neno "mbali" kwenye ripoti halina mwisho. Jeraha la mita 2 na la mita 200 huonekana sawa kwenye ngozi. Na jeraha huweza kuitwa la "mbali" kwa sababu tu shati, nywele au mto vilikamata masizi yote.

*Muda:* siku chache mochwari kwenye baridi. Kuoshwa maiti huondoa masizi, na dawa ya kuhifadhia hubadilisha rangi na kuharibu vipimo vya sumu na pombe. Uchunguzi utangulie yote mawili.

*Inahitaji:* daktari mwenye mafunzo ya patholojia ya kisheria, mpiga picha, msaidizi na meza yenye mwanga. Kila tundu lielezwe kwa sentimita kutoka kisigino na kutoka mstari wa katikati ya mwili. "Kifua cha kushoto" haitoshi. Njia ya risasi ielezwe kwa pande tatu: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Hesabu lazima ifunge: idadi ya matundu ya kuingilia iwe sawa na ya kutokea ukijumlisha na risasi zilizobaki ndani. Isipofunga, usifunge mwili. Risasi itolewe kwa vidole au kifaa chenye ncha ya mpira, kamwe si kwa koleo la chuma lenye meno, maana koleo huchora mikwaruzo juu ya ile ya mtutu. Ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, na alama yoyote iwekwe kitakoni, isiwe ubavuni.

*Inapotosha:* mahali pengi.

Ukubwa wa tundu hautaji ukubwa wa risasi, kwa sababu ngozi hunyumbuka. Tundu la kutokea si lazima liwe kubwa kuliko la kuingilia. Mwili ukiwa umeegemea ukuta, sakafu au mkanda mnene, tundu la kutokea hupata mchubuko ukingoni na kufanana kabisa na la kuingilia, na kesi nzima ikageuka mgongo kuwa mbele. Fuvu ndilo lenye kutegemewa zaidi: risasi inapoingia humegua mfupa kwa upande wa ndani, inapotoka humegua kwa nje. Zikiwa mbili, ufa wa risasi ya pili hukoma ulipokutana na ufa wa kwanza, hivyo hata mpangilio unaweza kujulikana.

Mwelekeo nao hutafsiriwa vibaya sana. Ripoti ikisema risasi ilikwenda "juu kwenda chini", maana yake ni mwilini mwa mtu aliyesimama wima, mikono pembeni. Haisemi mpigaji alikuwa juu. Mtu aliyeinama, aliyekuwa akikimbia au aliyepiga magoti hupata njia hiyo hiyo kutoka kwa mpigaji aliyesimama naye sakafu moja.

Daktari wa dharura aliyepitisha mpira wa kifua kwenye tundu la risasi alikuwa anaokoa maisha, lakini jalada lake la hospitali lazima lisomwe kabla ya kisu. Na fimbo ya kupimia isisukumwe kwenye jeraha ambalo halijafunguliwa, maana hutoboa njia ambayo risasi haikupita.

Mwisho, mtutu uliogusa si sawa na kujiua. Aliyepigishwa magoti naye hupigwa kwa mtutu uliogusa. Na majeraha mawili au zaidi si lazima yaondoe uwezekano wa kujiua, kwa sababu si kila jeraha humfanya mtu ashindwe kutenda papo hapo. Kenya inakumbuka vizuri. Februari 1990 mwili wa Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, ulipatikana karibu na Got Alila, Koru, una jeraha la risasi kichwani na umeungua. Maelezo ya mwanzo ya upande wa serikali yalielekea kwenye kujiua. Timu ya Scotland Yard, polisi wa London, chini ya John Troon, ikiwa na mtaalamu wa patholojia Iain West, ilihitimisha kwamba aliuawa.

*Inamfaa:* wote. Njia nyingine zote husomwa pamoja na hii.

3. Picha za eksirei na CT

*Inajibu:* risasi na vipande viko wapi, mfupa umemeguka upande gani, je, kuna risasi ambayo macho hayajaiona.

*Muda:* mrefu. Metali haiozi haraka.

*Inahitaji:* eksirei ya kawaida ya hospitali inatosha kwa mengi, mradi ipige mwili mzima, kwa pande mbili, na ikiwezekana kabla ya nguo kuvuliwa, maana risasi iliyotoka mwilini huweza kunaswa kwenye koti. CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, huonyesha njia ya risasi kwenye mfupa vizuri zaidi. Timu ya Bern, Uswisi, imeiendeleza kazi hii tangu karibu mwaka 2000. Kwetu shida ni kupata mashine ambayo hospitali itakubali itumike kwa maiti, na mara nyingi suluhisho ni kupangiwa usiku, wagonjwa wakishaondoka.

*Inapotosha:* haioni masizi, haioni vitone, haitaji umbali. Ukubwa wa risasi kwenye filamu hukuzwa na nafasi kati ya mwili na filamu, hivyo usipime kwa rula. Ganda la shaba la risasi likijitenga na kiini cha risasi, kiini hung'aa na ganda huonekana hafifu, daktari akatoa kiini na kuliacha ganda, ambalo ndilo lenye mikwaruzo ya mtutu. Risasi ndogo ikiingia kwenye mshipa mkubwa husafirishwa na damu hadi mguuni au mapafuni. Aliyepiga eksirei ya kifua pekee ataapa kwamba imepotea. Kwa bunduki ya marisau, mtawanyiko wa marisau ndani ya mwili hautaji umbali, kwa sababu hugongana na kutawanyika upya. Umbali husomwa kwenye ngozi na nguo.

*Inamfaa:* familia ambayo, kwa imani au kwa huzuni, haitaki mwili upasuliwe sana, kama ilivyo kwa Waislamu wengi wa pwani wanaotaka kuzika siku hiyo hiyo. Picha haziondoi kisu kabisa, maana risasi bado itahitajika mkononi, lakini zinaweza kukipunguza kuwa mpasuko mmoja unaojua unakokwenda.

4. Mavazi

Ningeomba msomaji asimame hapa, kwa sababu huu ndio ushahidi unaotupwa zaidi na ndio wa bei nafuu kuuhifadhi.

*Inajibu:* umbali na mpangilio, hasa jeraha lililofunikwa. Masizi na baruti ambavyo havipo kwenye ngozi viko kwenye shati.

*Muda:* miezi, hata miaka, zikihifadhiwa kavu. Kwa uzembe, ni dakika kumi za pipa la taka la wodi ya dharura.

*Inahitaji:* kuvuliwa bila kukata kupitia matundu. Kukaushwa kivulini bila pasi wala jua kali. Karatasi safi katikati ya mikunjo ili damu na masizi visihame upande mmoja hadi mwingine. Kila vazi kwenye mfuko wake wa karatasi. Plastiki huzalisha unyevu na kuozesha. Maabara hutumia kipimo cha Griess kwa mabaki ya baruti na rodizoneti ya sodiamu kwa mabaki ya madini ya risasi, na hulinganisha rangi na vitambaa vya majaribio. Kitambaa cheusi kipigwe picha za infraredi, masizi yasiyoonekana kwa macho hujitokeza.

*Inapotosha:* damu nyingi huficha au huosha mabaki. Nguo iliyokunjamana huweza kupata matundu matatu kwa risasi moja, na mtu akahesabu risasi tatu. Risasi iliyopita kwenye kioo cha gari au mlango kwanza huchafua nguo kwa vipande vinavyoiga vitone vya baruti.

*Inamfaa:* kesi zenye hoja ya "walirushiana risasi" au "alikuwa anakimbia", na kesi ambayo mwili umeshaoshwa.

5. Chembe za mikononi

*Inajibu:* je, mikono hii ilikuwa karibu na silaha iliyofyatuka? Hilo tu.

Kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi nyingi kina madini ya risasi, bariamu na antimoni. Kikilipuka hutoa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya maikromita 10, ambamo yote matatu yameyeyukiana. Hadubini ya elektroni yenye kipimo cha eksirei huzitafuta moja moja.

*Muda:* kwa mtu aliye hai, saa 4 hadi 6 hivi za shughuli za kawaida, pungufu akinawa. Kwa maiti isiyoguswa hukaa zaidi.

*Inahitaji:* mikono ifungwe mifuko ya karatasi pale pale eneo la tukio. Kisha vibonge vyenye gundi ya kaboni vigongeshwe mara nyingi kwenye mgongo wa mkono na kati ya gumba na shahada, kibonge tofauti kwa kila eneo, kabla ya kuchukua alama za vidole. Anayechukua asiwe amebeba silaha siku hiyo.

*Inapotosha:* sana. Aliyepigwa kwa karibu hupata chembe mikononi bila kugusa silaha, hasa akinyanyua mikono kujikinga. Pingu, kiti cha nyuma cha gari la polisi na mikono ya askari huhamisha chembe. Kutokuwepo nako hakusemi kitu. Baadhi ya risasi za kisasa hazina metali hizo. Maabara ya FBI iliacha kufanya kipimo hiki mwaka 2006. Na kile kipimo cha zamani cha nta ya parafini kisikubaliwe kabisa: tumbaku, mbolea na mkojo hukipa jibu lile lile.

*Inamfaa:* kesi ambayo sampuli ilichukuliwa mapema na kuna swali mahususi, kwa mfano mshukiwa anayesema hakuwepo chumbani. Kwa anayetafuta jibu la "alijiua au la", hii ndiyo njia dhaifu kuliko zote sita, ingawa ndiyo inayotajwa sana kwenye runinga.

6. Silaha, risasi na maganda

*Inajibu:* je, risasi hii ilitoka kwenye silaha hii. Je, silaha inaweza kufyatuka bila kuvutwa kifyatulio. Ilikuwa umbali gani.

*Muda:* miaka, isipoota kutu.

*Inahitaji:* utaratibu usiovurugwa. Kwanza picha. Pili usufi wa kuchukua sampuli ndani ya mdomo wa mtutu, kwa sababu mtutu ulioshika ngozi huvuta damu na vinasaba kurudi ndani. Tatu alama za vidole na vinasaba kwenye mshiko. Nne ukaguzi wa sehemu zake na uzito wa kifyatulio. Tano ndipo kufyatua kwa majaribio. Ukifyatua kwanza umeifuta damu ya mtutuni milele. Nguvu ya kuvuta kifyatulio hupimwa kwa kilo: kwa bastola nyingi ni kama 2 nyundo ikiwa imeshavutwa, na kama 5 au zaidi isipovutwa. Silaha pia hugongwa na kuangushwa kwa pande mbalimbali ikiwa na kiwashio pekee bila risasi, ili kuona kama hoja ya "ilianguka ikalia" inawezekana.

*Inapotosha:* risasi iliyogonga mfupa na kujikunja huweza isiwe na mikwaruzo ya kutosha. Mifereji ya mtutu yenye idadi na mzunguko sawa huthibitisha aina tu, si silaha moja. Mwaka 2016 baraza la washauri wa sayansi wa rais wa Marekani, PCAST, lilikosoa msingi wa kisayansi wa kulinganisha alama hizi, kwa hiyo shahidi anayesema "asilimia 100" aulizwe kiwango chake cha makosa. Majibu halali ni matatu: inalingana, hailingani, haikuweza kuamuliwa. Gobore ni kesi ya pekee: mtutu wake ni laini, hivyo hauachi mifereji ya kulinganisha, na baruti nyeusi hutoa masizi mengi kiasi kwamba vile vipimo vya bastola vya sentimita 30 na 60 havifai hata kidogo.

*Inamfaa:* hoja ya ajali, na kesi ambazo silaha zilizokuwepo ni zaidi ya moja, kama operesheni ya polisi.

Je, kama kila kitu kimeshapita?

Uchunguzi wa pili wa maiti na ufukuaji ni nyongeza ya njia ya 2 na ya 3. Mwandishi wa habari wa Pakistani, Arshad Sharif, aliyepigwa risasi Kajiado Oktoba 2022, alichunguzwa Nairobi na tena Islamabad. Uchunguzi wa pili hupata mwili ambao tayari umekatwa: njia za risasi zimefunguliwa, viungo vimehamishwa, matundu yameshonwa. Kwa hiyo nguvu yake hutegemea picha za wa kwanza. Baada ya kuzikwa, amri ya mahakama inahitajika. Kinachobaki kaburini ni mfupa uliomeguka, vipande vya metali, pengine nguo. Masizi na vitone havibaki ngozi ikioza. Udongo wa chini ya mabaki uchekechwe, maana risasi hudondoka nyama inapokwisha.

Kwa hali yako

*Bado ni saa za mwanzo, mwili haujaoshwa.* Usitafute mtaalamu kwanza. Dai mifuko ya karatasi mikononi, nguo zisitupwe, picha za matundu zenye rula. Hayo yanaweza kufanywa na mhudumu yeyote wa mochwari aliyeelekezwa, na yanakununulia muda wa kutafuta mtaalamu.

*Mnaambiwa alijiua na hamwamini.* Njia ya 1, ya 2 na ya 4 kwa pamoja, pamoja na usufi wa mtutu. Ulizeni: je, kulikuwa na alama za ukaribu, na kama hazikuwepo ni nini kilizizuia? Je, damu ilipatikana mtutuni? Maisha yake ya wiki za mwisho, simu na maandishi yake pia ni ushahidi, na yanapaswa kusomwa kwa utulivu. Inawezekana majibu yakathibitisha kile mlichokuwa mkikiogopa. Hilo likitokea, si aibu ya marehemu wala kosa la waliompenda, na msibebe wenyewe bila mtu wa kuzungumza naye.

*Mnaambiwa ni ajali.* Njia ya 6 kwanza. Kama silaha imeshafyatuliwa au kutengenezwa baada ya tukio, hilo liandikwe kama tatizo la ushahidi.

*Polisi wanasema kulikuwa na mapambano.* Njia ya 4, ya 2 na ya 6. Idadi ya maganda ya silaha inayodaiwa kuwa ya marehemu, matundu ya mgongoni, umbali kwenye nguo. Kenya lipo shirika la kusimamia polisi, IPOA, lililoundwa kwa sheria ya 2011. Malalamiko yafikishwe kabla ya uchunguzi wa maiti, ili liweze kuwa na mtu wake mochwari.

*Dini inataka mazishi ya haraka.* Njia ya 3 usiku huo huo, uchunguzi wa nje wenye picha kamili, na mpasuko mdogo wa kutoa risasi. Nguo zibaki na mchunguzi.

*Wewe ni daktari wa wilaya, huna mtaalamu wala CT.* Eksirei ya mwili mzima, vipimo vya sentimita, picha, hesabu iliyofunga. Andika ulichokiona, na kama namna ya kifo haijulikani kwako, iache wazi kwa atakayekuwa na faili zima.

*Fedha ni kwa jambo moja tu.* Mlipeni daktari wa upande wenu ahudhurie uchunguzi wa kwanza, badala ya kungoja kulipia wa pili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1989 kuhusu uchunguzi wa mauaji yasiyo halali zinasema familia ina haki ya kusisitiza mwakilishi wake mwenye ujuzi awepo, na Itifaki ya Minnesota, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, ndiyo mwongozo anaopaswa kwenda nao. Aondoke na nakala ya picha zote, namba za bahasha za vielelezo, na jina la aliyezipokea.